Pamba, Mvua na Kiberiti cha Mvutaji Sigara

(Mhadhara huu ulitolewa Mwanza mbele ya vijana wanaotembea vilimani mwishoni mwa wiki. Umeandikwa kama ulivyosemwa.)

Mwangaluka! Sogeeni mbele jamani, viti vya mbele having'ati. Mayu pale mlangoni, karibu, huku bado kuna nafasi.

Waandaaji wamenipa mada ya siku ya baridi porini, yaani matembezi ya kutwa ya kujifunza kazi za mikono msituni. Nilipopigiwa simu niliuliza mara mbili: baridi, hapa Mwanza? Maana mada hii asili yake ni kwa watu wa kaskazini. Huko Januari ikifika theluji inafunika njia, nao wanabeba kisu na birika, wanaingia msituni kuwasha moto, kuchonga vijiko, kujenga kibanda cha matawi, na jioni wanarudi makwao. Wanaichagua siku ya baridi makusudi, kwa sababu baridi haimfichi mtu. Moto ukikushinda wakati wa joto, wenzako watakucheka basi. Ukikushinda kwenye theluji, utadaiwa vidole.

Sisi theluji hatuna. Usiku wa Julai ukishuka hadi nyuzi 15 watu wa hapa wanavaa makoti utadhani wanahamia Ulaya. Lakini nimekuja kuwaambia kwamba baridi tunayo, tena ya aina mbaya. Theluji kavu unaikung'uta begani kama unga. Mvua haikung'utwi. Mtu mkavu aliyevaa vizuri kwenye nyuzi sifuri yuko salama kuliko mtu aliyelowa chapachapa kwenye nyuzi 18, upepo wa ziwa ukimpiga na hana pa kukimbilia. Niliyajua haya kwa kusoma miaka mingi. Kuyaelewa, niliyaelewa Aprili mwaka jana, kwa aibu.

Tulitoka watu kumi na wanne. Tulipanda daladala hadi Kayenze, tukafuata ufuo kwa miguu, halafu tukapanda kilima cha mawe na vichaka mpaka kwenye shamba la miti la mzee mmoja aliyeturuhusu. Chini kuna mikaratusi, juu miti ya asili imejibanza kati ya majabali, na ua wa minyaa pembeni. Mwenyekiti wa mtaa tulimpa taarifa siku tatu kabla. Nalitaja hili mapema kwa sababu mtu akiona kundi la vijana wenye mapanga na moshi unapanda kwenye kilima chake, hatasubiri maelezo. Na msitu wa hifadhi ni habari nyingine: Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 hairuhusu kukata wala kuwasha moto humo bila kibali. Saanane ndiyo kabisa. Ile ni Hifadhi ya Taifa tangu 2013, nendeni mkajifunze kusoma nyayo za swala na kuwatazama pimbi, panga liacheni nyumbani.

Asubuhi ile jua lilikuwa kali. Hapo ndipo mtego ulipotegwa. Ziwa letu lina tabia yake. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu ya nchi inapanda, na hewa ya ziwani inakuja kujaza nafasi yake. Ndiyo ule upepo mnaousikia kuanzia saa nne, saa tano, ukitoka majini. Hewa hiyo imebeba unyevu. Ikikutana na vilima inasukumwa juu, na mchana wa masika unaona mawingu yanajengeka kama ghorofa. Usiku mambo yanageuka: nchi inapoa, upepo unatoka bara kwenda ziwani, radi inahamia juu ya maji, na wavuvi ndio wanaoipokea alfajiri. Kwa hiyo mtu wa matembezi ya kutwa na mvuvi wa usiku, kila mmoja ana saa yake ya kuogopa. Saa yetu sisi ni baada ya chakula cha mchana.

Saa saba na robo tulisikia ngurumo ya kwanza tukiwa juu ya jabali, tunapiga picha. Nikawaambia wahesabu. Ukiona mwanga, anza kuhesabu sekunde mpaka usikie mlio. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Tulifika ishirini na moja. Kilomita saba. Kijana mmoja akasema, "Mwalimu, hiyo bado iko mbali." Haiko mbali. Chini ya sekunde thelathini unashuka, hubishani, na hupandi tena mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Sisi watu wa Mwanza tunapenda kujibanza chini ya majabali, na mji wetu wenyewe tunauita jiji la miamba, lakini jabali la kileleni ni mahali pabaya pa kusubiria radi. Umeme unateremka juu ya mwamba uliolowa na unaweza kuruka kwenye uwazi uleule ulimojificha. Mti mmoja uliosimama peke yake nao ni hivyo hivyo. Tukateremka mbio mpaka kwenye mikaratusi midogo, ya kimo kimoja, bondeni. Hapo nilifanya sawa. Baada ya hapo sikufanya sawa.

Mvua ile ilitupiga dakika arobaini. Ilipokatika radi ilikuwa imeshahamia upande wa Magu, na sisi tulikuwa kama samaki. Mimi nilikuwa na sweta kuukuu la sufu. Vijana wengi walikuwa na fulana za pamba na suruali za jinzi. Jinzi nayo ni pamba, wengi wanasahau.

Ngojeni niseme kidogo kuhusu pamba, maana hapa naongea na Wasukuma na watu waliolelewa Usukumani, na pamba kwetu si jambo la kusemwa vibaya ovyo. Pamba ndiyo iliyotusomesha. Paul Bomani na wenzake waliuunganisha ushirika wa wakulima wa kanda hii miaka ya 1950 kwa ajili ya zao hilo hilo. Baba yangu alinunua baiskeli kwa pamba. Lakini uzi wa pamba unapenda maji. Wataalamu wa nguo wakiuacha kwenye chumba chenye hewa ya unyevu wa wastani, pamba inajivutia maji kama asilimia 8 ya uzito wake, kabla hata hujaimwagia tone. Poliesta haifiki asilimia 1. Sasa ilowe kabisa. Zile nafasi ndogo zilizokuwa zimeshika hewa zinajaa maji, na maji yanaondoa joto mwilini mara ishirini na tano hivi kuliko hewa tulivu. Fulana iliyokupa starehe saa tatu asubuhi ndiyo inayokuibia saa nane mchana. Sufu nayo inanyonya maji, tena mengi, ila nyuzi zake zina mikunjo inayobaki na hewa, kwa hiyo ikilowa haikutupi kabisa.

Dawa yake haina gharama. Nendeni soko la mitumba la Mlango Mmoja asubuhi wakati mabelo yanafunguliwa. Masweta ya sufu ya mitumba watu hapa wanayapita kwa sababu wanaona ni ya nini kwenye joto hili, hivyo yanauzwa bei ya kutupa. Nunua moja, liweke kwenye mfuko wa plastiki, lifunge, liweke chini kabisa ya begi. Usilivae asubuhi! Kazi yake ni kukusubiri.

Turudi kwa Kayenze. Alikuwepo fundi simu mmoja, kijana mchangamfu, tangu asubuhi alikuwa anatuchekesha. Nikaona amenyamaza. Mwanzoni alitetemeka, nami nikasema kutetemeka si kitu, mwili unajipasha. Halafu akataka kufungua zipu ya begi lake ikamshinda. Huyu ni mtu anayeshika skrubu ndogo kuliko punje ya mtama kila siku, na zipu imemshinda! Nikamuuliza jambo, akajibu kama mtu aliyetoka usingizini. Vidole vinakataa, ulimi unakuwa mzito, mwisho miguu inajikwaa. Ukiona viwili kati ya hivyo vitatu, matembezi yamekwisha, sasa mnamhudumia mtu. Joto la mwili la kawaida ni nyuzi 37; likifika chini ya 35 hiyo ni hali ya hatari, na hatari yake ni kwamba mwenyewe anakuambia hana tatizo.

Tulimvua ile fulana, tukampa nguo kavu ya binti mmoja fundi cherehani, yeye peke yake alikuwa amefunga mzigo wake kwenye mifuko miwili ya plastiki. Tukamketisha juu ya mabegi na majani makavu tuliyoyakomba chini ya kichaka kinene, maana ardhi iliyolowa inakunywa joto la makalio kuliko upepo. Wawili wakakaa ubavuni kwake, huku na huku. Chai ya tangawizi iliyobaki kwenye chupa tukaitia sukari mpaka ikawa kama asali. Mtu mmoja akashauri amsugue miguu. Hapana. Mwingine akasema kuna chupa ya gongo. Hapana mara mbili. Pombe inafungua mishipa ya ngozi, unajisikia moto, kumbe joto la ndani ndilo linatoka nje.

Halafu nikasema, tuwashe moto. Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa shati langu, mbele ya macho ya watu kumi na watatu waliokuwa wananitegemea, nikatoa kiberiti.

Hiki hapa. Nimekihifadhi. Mpitishieni mwenzako. Mnaona ule upande wa kukwangulia? Umebanduka kama ngozi ya jipu. Njiti zenyewe unaweza kuzikausha, lakini upande ule una fosforasi nyekundu iliyogandishwa kwa gundi, ukishalowa njiti hamsini zote ni za kuchokolea meno. Miaka yote nimefundisha watu kufunga kiberiti ndani ya nailoni. Siku ile nilikiweka mfukoni kwa sababu asubuhi jua lilikuwa kali.

(Kicheko.)

Chekeni tu. Aliyetuokoa ni kijana ambaye saa mbili asubuhi nilikuwa nimemsema mbele ya wenzake kwa kuvuta sigara. Alikuwa na kiberiti cha gesi, kimefungwa ndani ya soksi. Hakunitazama, alininyooshea tu.

Sasa, kuwa na kiberiti na kuwa na moto ni vitu viwili. Msitu mzima umelowa. Tangu nilipopewa kile kiberiti mpaka mwale wa kwanza uliosimama wenyewe zilipita kama dakika arobaini, na thelathini kati ya hizo hakuna aliyewasha kitu. Ndizo ninazotaka kuwaeleza.

Kuni za chini tuliziacha zote. Tawi lililolala ardhini limeshakunywa. Unatafuta tawi lililokufa likiwa bado juu ya mti, au limenaswa kwenye tawi lingine, upepo unalipitia. Unalivunja. Likilia "tak!" chukua. Likipinda na kunyamaza, liache. Kwa masikio tu unaweza kuchagua kuni. Bibi zetu walikuwa wanafanya hivyo huku wanapiga soga.

Mkaratusi, huu mti tunaoulalamikia kwa kunywa maji ya visima, siku ya mvua ni rafiki. Gome lake linabambuka vipande virefu vinavyoning'inia. Tabaka la nje limelowa, la ndani mara nyingi kavu. Ulichane, ulisugue kati ya viganja mpaka liwe kama kiota cha shomoro. Hiyo ndiyo malisho ya kwanza ya moto. Jihadharini tu na kukaa chini ya mkaratusi mkubwa, una tabia ya kudondosha tawi zima bila taarifa.

Kisha mti wenyewe. Mti mkavu uliolowa mvua umelowa kwa nje tu, kama mtu aliyevaa koti la mvua. Moyo wake mkavu. Kazi ni kuufikia moyo. Hapa nina kipande cha unene wa kifundo cha mkono. Nakisimamisha juu ya gogo. Panga naliweka kichwani pake, makali chini. Sirushi panga! Nachukua rungu la mti, nagonga mgongo wa panga. Moja. Mbili. Limeingia. Naendelea kugonga ncha inayochungulia upande wa pili. Haya, kimepasuka. Gusa hapa ndani, dada. Kikavu? Asante.

Sasa napasua tena mpaka nipate kipande cha unene wa kidole gumba, chenye pembe. Nachukua kisu. Tazameni mikono yangu vizuri. Nimekandamiza ncha ya kijiti kwenye gogo, kisu nimekilaza, nashuka nacho taratibu, na kabla sijafika mwisho nasimama. Unyoya umejikunja, haujakatika. Nageuza pembe kidogo, nashuka tena. Siri iko kwenye kuzungusha kijiti ili kisu kikute pembe mpya kila mara. Ukishuka kwenye ubapa unapata kibao, ukishuka kwenye pembe unapata uzi. Ishirini, thelathini, mpaka kichwa cha kijiti kiwe kama nywele za mtoto aliyeamka. Vijiti vitano vya namna hii vinazidi chupa ya mafuta ya taa, na havimwagiki kwenye begi.

Kule Kayenze vijana walichonga vinne. Tukatandika vipande vilivyopasuliwa chini kama kitanda, ili moto usikae kwenye tope, maana moto uliokaa kwenye tope unapika mvuke. Gome, vijiti vya manyoya, juu yake njiti nyembamba kama za fagio, halafu unene wa kidole. Gesi ikawaka, gome likashika. Na hapo hapo mtu akatupa gogo juu yake kwa furaha. Puu! Ukazimika. Sikumlaumu, baridi inampa mtu pupa. Tukaanza upya, safari hii tukamweka kijana wa sigara awe ndiye pekee mwenye ruhusa ya kuongeza kuni. Moto mmoja, mpishi mmoja.

Fundi simu alianza kuongea tena saa kumi kasoro. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama simu yake imelowa.

Tangu siku ile nimeacha kutegemea kitu kimoja. Na hapa ndipo pamba inapojitetea, maana hiyo hiyo niliyoisema vibaya, ikiungua nusu, hakuna inayoishinda. Hili ni kopo la dawa ya viatu. Nimelitoboa tundu kwa msumari. Ndani nilipanga vipande vya kanga ya zamani, pamba tupu, isiyochanganywa, nikalifunga, nikaliweka juu ya jiko la mkaa. Moshi unatoka kwenye tundu. Ukikoma, unaliepua, unaziba tundu kwa kijiti, unasubiri lipoe kabisa. Ukifungua likiwa moto, hewa inaingia na kitambaa kinageuka majivu mbele yako. Nimewahi kuunguza khanga mbili nzuri kwa kukosa subira, na nyumbani niliulizwa. Kikipoa unapata kitambaa cheusi, chepesi, kinachoshika cheche ndogo kabisa.

Cheche zinatoka wapi? Hili jiwe jeupe ni kwatzi, ile ile wanayoivunja wachimbaji wadogo wa Geita wakitafuta dhahabu. Na hii ni tupa ya fundi, imekwisha meno. Watu wengi wanadhani jiwe ndilo linalotoa cheche. Jiwe ni gumu kuliko chuma, linaparura tu. Kinachowaka ni vumbi la chuma lenyewe. Ndiyo maana lazima chuma kiwe kigumu kama cha tupa. Ukijaribu kwa msumari unapoteza muda. Bunduki za gumegume walizobeba wapagazi na wafanyabiashara wa njia za misafara za katikati ya nchi zilifyatuka kwa kanuni hii hii.

(Alipiga. Cheche ilishika mara ya sita.)

Mnaona kile kinukta chekundu kinavyotambaa? Hakina mwale. Unakifunga ndani ya kiota cha gome, unapuliza taratibu, kama unampulizia mtoto uji. Sitawasha humu ndani, mwenye ukumbi ananitazama.

Na kiberiti cha gesi kikiisha gesi msikitupe. Kale kajiwe ndani yake ni mchanganyiko wa metali uliobuniwa na Carl Auer von Welsbach mwaka 1903, kanatoa cheche kali kuliko tupa yangu. Zungusha gurudumu polepole juu ya pamba kavu mpaka vumbi lake lijae, kisha zungusha kwa nguvu. Inashika.

Najua mnasubiri upekecho, yaani kuwasha moto kwa kusokota kijiti juu ya kijiti, kuna mtu hata ameniletea vijiti. Nitawaambia ukweli wangu. Bibi yangu kule Misungwi sikumwona akipekecha moto hata siku moja, na alizaliwa kabla viberiti havijajaa madukani. Usiku aliliingiza gogo ndani ya majivu, asubuhi akalifukua likiwa na kaa. Likizimika, alinituma kwa jirani na kigae cha chungu nikaombe kaa. Waliojua kupekecha walifanya kila njia wasipekeche, kwa sababu walijua ni jasho la namna gani! Vijana wakitazama video wanaona mtu anawasha moto kwa vijiti ndani ya dakika mbili, wanadhani ndiyo maisha ya wazee. Kwenye unyevu wa masika, mimi na miaka yangu yote nafanikiwa mara moja katika tano, na viganja vinatoka malengelenge. Pekecheni, inawafundisha kujua mti laini na mti mgumu, mti uliokauka na uliooza. Lakini msimwekee mwenzenu anayetetemeka matumaini ya upekecho.

Kamba nitaipitia, ingawa mikono yangu inaipenda. Mkonge mnauona kila mahali kwenye mipaka ya mashamba, mpaka tunasahau kwamba ni mgeni. Uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Kati ya vichipukizi elfu moja vilivyosafirishwa vilifika hai 62, na kutoka hivyo yakazaliwa mashamba yote yale ya Tanga. Jani moja, uzi wake ni kama asilimia 4 tu ya uzito, mengine ni maji na nyama inayowasha. Lipondeni kwanza, kisha lilazeni kwenye ubao na kuliparura kwa mgongo wa panga, mbali na macho. Nyuzi zikioshwa na kukauka, shika fungu, likunje, lakini si katikati: upande mmoja uwe mrefu, ili ukiunga nyuzi mpya viungo visikutane mahali pamoja. Uzi wa juu unausokota kwenda mbele, kisha unauvuta urudi nyuma kupita juu ya mwenzake. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Kila mmoja anataka kujisokotoa, wakikutana wanazuiana. Kwa kamba ya hivyo na mfuko wa salfeti uliopasuliwa ubavuni, tungekuwa na paa pale Kayenze kabla mvua haijaanza. Salfeti ilikuwepo. Tulikuwa tumeikalia.

Maji: ziwa hili lina kichocho, msiingie kunawa miguu hata kama mmechoka, hasa mchana, ndio wakati vijidudu vyake vinatoka kwa wingi kwenye konokono. Ya kunywa yachemke mpaka yatokote. Kwa mwinuko wetu wa mita 1,134 yanatokota chini kidogo ya nyuzi 100, kama 96, na inatosha kabisa. Na msikae kwenye matete jioni. Mamba na kiboko hawajasoma ratiba yenu.

Kuna swali la nyoka hapo nyuma. Viatu vinavyofunika kifundo, na usiingize mkono usipopaona, hasa unapokomba majani au kuinua jiwe. Mtu akiumwa: hakuna kuchanja, hakuna kunyonya, hakuna kufunga kamba ya kubana. Mguu utulie kama umevunjika, abebwe, apelekwe hospitali. Swali jingine? Panga la ukubwa gani? Ulilolizoea. Panga jipya la rafiki yako ndilo litakalokukata.

Kabla hatujaondoka kilimani siku ile tulimwagia moto maji, tukakoroga kwa kijiti, tukamwagia tena, halafu nikamwita fundi simu aweke mgongo wa mkono wake juu ya majivu. Akasema bado kuna uvuguvugu. Tukarudi kuchota. Mara ya tatu akasema baridi. Tukashuka.

Haya, simameni mjinyooshe. Nilimwomba kijana wa hapa aziache kuni nje tangu jana usiku, na kama mlivyosikia juu ya bati, mvua imefanya kazi yake. Mko makundi manne. Kila kundi lina panga moja, kisu kimoja na njiti tatu za kiberiti. Mpishi wa moto ni mmoja, mchagueni kabla hamjatoka mlangoni. Mwenye fulana ya pamba na hana sweta abaki chini ya paa, awe mtazamaji.